Kufundisha Chanzo cha Saratani: Kijikaratasi, Mfereji na Uvimbe wa Taya

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Tengeru, Usa River au vijiji vya juu mlimani Meru hatakuta katika muhtasari mahali panapomtaka afundishe habari za RNA. Sisi nasi hatukusudii kuurefusha muhtasari, ambao tayari ni mrefu kuliko vipindi vilivyopo. Lakini swali la saratani humfikia mwalimu bila ya kupitia katika muhtasari. Mtoto amefiwa na bibi yake, au jirani amepelekwa hospitali ya KCMC mjini Moshi na akarudi bila nywele, na keshoye mkono unanyooshwa darasani: Mwalimu, saratani hutoka wapi? Je, inaambukiza? Mbona waliikata na imerudi?

Majibu tunayoyasikia tunapokaa nyuma ya darasa kukagua masomo aghalabu ni ya namna mbili. La kwanza husema kuwa saratani ni mdudu anayeula mwili kutoka ndani. La pili husema kuwa ni ugonjwa usio na dawa, basi tumwachie Mungu. La kwanza si kweli. La pili nalo si kweli, na lina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ipo saratani moja ya watoto wa umri wa chekechea na madarasa ya chini ambayo hupona kwa dawa iwapo mtoto atafikishwa hospitali mapema, na huua upesi iwapo atacheleweshwa. Mtu anayemwona mtoto huyo kila asubuhi, usoni, mchana kweupe, ni mwalimu wake.

Saratani hiyo huitwa limfoma ya Burkitt. Tumeichagua iwe mfano wetu kwa sababu mbili. Historia yake kwa sehemu kubwa imeandikwa hapa Afrika ya Mashariki. Na ndani yake yanaonekana waziwazi mambo mawili ambayo wataalamu wa leo huyataja kila wanapoeleza chanzo cha saratani, yaani njia za mawasiliano ndani ya seli, na RNA ndogo zinazonyamazisha jeni. Tutayaeleza yote mawili kwa mifano ambayo mwalimu aweza kuitumia ubaoni, na tutasema pia mfano gani unafaa na unaishia wapi, kwa maana mfano mzuri ukivutwa kupita kiasi hugeuka kuwa uongo.

Uvimbe wa taya na ramani ya Afrika

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Majipu ya meno hayafanyi hivyo. Jipu huvimbisha upande mmoja. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule usoni, na tumboni pia. Akazipekua kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wengi wa namna hiyo ambao kila daktari alikuwa amewaandika kwa jina tofauti kulingana na mahali uvimbe ulipotokea: huyu taya, huyu figo, huyu jicho. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake ya kwanza. Wataalamu wenzake waliozichunguza seli kwa hadubini walithibitisha kwamba huo wote ulikuwa ugonjwa mmoja, saratani ya chembe nyeupe za damu, na leo tunajua kuwa ni zile za aina ya B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili.

Jambo linalotupendeza sisi walimu ni zana alizotumia. Ruzuku yake ya kwanza ilikuwa pauni 25. Kwa fedha hizo alichapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma hospitali nyingi za Afrika akiuliza: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Kila jibu la ndiyo lilitiwa alama kwenye ramani. Kisha mwezi Oktoba 1961, Tanganyika ikiwa inajiandaa kupata uhuru, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakapita Tanganyika na kushuka hadi Afrika Kusini, safari ya wiki kumi na ya maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Ramani ilipokamilika ilionesha ukanda unaokata Afrika katikati, na kingo za ukanda huo zilifuata hali ya hewa. Ugonjwa ulikuwa mwingi mahali penye joto na mvua, na katika nchi zilizo karibu na ikweta haukuonekana sana juu ya mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mwanachuo wa Tengeru aweza kulifanya jambo hili somo zuri la ramani. Hapa petu pana zaidi kidogo ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vilivyo juu zaidi katika miteremko ya Mlima Meru vimevuka mstari huo wa Burkitt. Wanafunzi waulizwe: ni kitu gani kinachopatikana bondeni na kinachopungua kadiri mtu anavyopanda kwenye baridi? Mtoto yeyote wa Meru atajibu kuwa ni mbu. Na mbu huleta malaria. Burkitt na wenzake walifika hapo hapo, ila walidhani kwanza kuwa mbu huyo anabeba virusi vya saratani moja kwa moja. Mambo yalikuwa ya mzunguko zaidi, kama tutakavyoona.

Virusi navyo vilikuwepo. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara mjini London, na kati ya wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameviona, kwa hadubini ya elektroni, virusi vipya ndani ya seli za uvimbe huo. Vikaitwa Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu.

Hapa mwanafunzi mwerevu atasema: basi saratani inaambukiza! Mwalimu asimkatize. Amweleze kwamba virusi vya Epstein-Barr vimo ndani ya watu wazima zaidi ya tisa kati ya kila kumi duniani, na kwamba watoto wetu wengi huvipata kwa mate wakiwa wadogo sana, bila hata kuugua. Karibu kila uvimbe wa Burkitt katika maeneo yetu una virusi hivyo, lakini karibu kila mtu mwenye virusi hivyo hana uvimbe. Virusi huambukiza, saratani haiambukizi. Mtoto mgonjwa aweza kukaa dawati moja na wenzake na kula nao sahani moja. Kama somo zima litaacha sentensi hiyo moja vichwani mwa wanafunzi, kipindi hakikupotea.

Daftari, tangazo na kijikaratasi

Sasa tuingie ndani ya seli. Kwa mwanachuo asiyesoma biolojia kwa muda mrefu, tunapendekeza mfano wa shule yenyewe. Ofisini kwa mwalimu mkuu pana daftari kubwa lisilotoka ofisini kamwe. Ndani yake yameandikwa maagizo yote ya shule. Hilo ni DNA, iliyomo katika kiini cha seli, na kila agizo ndani yake ni jeni. Kazi ikitakiwa kufanyika, ukurasa mmoja hunakiliwa, na nakala hiyo hupelekwa nje kama tangazo. Hiyo ni RNA mjumbe. Madarasani tangazo husomwa, na kazi hutendeka: hapo hutengenezwa protini. Nakala haidumu, baada ya muda huchanika na kutupwa, na ikihitajiwa tena hunakiliwa nyingine.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa RNA ni watumishi tu wa kazi hiyo ya kunakili na kusoma. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani, walieleza jambo geni kutoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja. Jeni mojawapo ya mnyoo huyo, lin-4, haikutoa protini yoyote. Ilitoa kipande cha RNA chenye herufi 22 tu. Kipande hicho kilikwenda kujibandika kwenye tangazo la jeni nyingine, na tangazo hilo likawa halisomwi. Wengi walidhani ni ajabu ya mnyoo peke yake. Lakini mwaka 2000 kikundi cha Ruvkun kilionesha RNA ndogo nyingine, let-7, iliyomo katika wanyama wengi na katika mwili wa binadamu. Leo zinajulikana mamia katika mwili wetu, na mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba.

Basi katika mfano wetu wa shule, tuongeze vijikaratasi vidogo vinavyobandikwa juu ya tangazo ili lisisomwe. Mwalimu mkuu hakufuta kitu katika daftari, tangazo liko pale ukutani, lakini limefunikwa. Ni njia ya kupunguza sauti ya agizo bila ya kulifuta.

Kijikaratasi kinajuaje tangazo lake? Hapa mfano wa shule unakoma, na mwalimu anahitaji kadi. RNA huandikwa kwa herufi nne: A, U, G na C. A hushikana na U, na G hushikana na C. Andika ubaoni kipande cha tangazo: CUACCUC. Kisha mpe mwanafunzi kadi zenye herufi GAUGGAG, azibandike chini yake moja moja. Zote saba zitashikana. Kadi hizo si za kubuni. Ni herufi za kichwa cha let-7 yenyewe, zikiandikwa kinyumenyume ili zikutane na tangazo. Herufi kama saba za kichwa zikipatana, yatosha. Kutokana na hilo darasa litaona lenyewe kwamba kijikaratasi kimoja chaweza kufunika matangazo mengi, mradi yote yana kipande hicho. Zoezi hili linachukua dakika kumi, na katoni kuukuu la sabuni hutoa kadi za darasa zima.

Mfereji na lango lake

Jambo la pili ni mawasiliano. Seli haiishi peke yake. Hupokea habari kutoka nje na kuamua kukua, kugawanyika, kutulia au kufa. Wengi hueleza jambo hili kwa mfano wa simu. Sisi tunaona mfereji unafaa zaidi, hasa kwa wanafunzi wa hapa, ambao wamezaliwa katikati ya mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba na kahawa. Maji hayaingii shambani kwa kupenda. Yupo anayefungua lango zamu ya mtu inapofika, na yupo anayelifunga. Shamba hunyweshwa, kisha lango hurudishwa.

Juu ya ngozi ya chembe nyeupe ya aina B pana vipokezi. Kipokezi kikiguswa, protini iitwayo PI3K hufungua lango: hutia alama ya kemikali kwenye mafuta ya ngozi ya seli, na alama hiyo huziamsha protini nyingine ndani, moja ikiamsha nyingine, hadi habari inafika kiiniki kwamba seli iishi na ikue. Protini nyingine, PTEN, hufuata nyuma ikiondoa alama ileile. Hiyo ndiyo inayofunga lango. Seli yenye afya huwa na wote wawili, mfunguaji na mfungaji, na afya yake imo katika kupokezana kwao. PTEN ikikosekana, hakuna haja ya mtu kumwaga maji zaidi. Mfereji ule ule wa kila siku unatosha kuligharikisha shamba.

Mfano huu nao una mwisho wake. Mfereji una maji ya aina moja na mwelekeo mmoja, ilhali njia za seli hukutana, huvukana na huongeleshana. Kwa darasa la shule ya msingi jambo hilo laweza kuachwa. Kwa mwanachuo halifai kuachwa, kwa sababu uvimbe wa Burkitt hutokea hasa pale njia hizo zinapokutana.

Mambo yanavyoungana ndani ya uvimbe

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Sweden waligundua kuwa seli za uvimbe wa Burkitt zina kasoro ya kudumu katika kromosomu: kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuungana na kromosomu ya 14. Mwaka 1982 ikajulikana kilichokuwamo katika kipande hicho. Ni jeni iitwayo MYC, ambayo huiamuru seli ikue na igawanyike. Nayo imeangukia karibu na jeni za kingamwili, yaani mahali ambapo chembe ya B huandika usiku na mchana. Kwa mfano wetu: ukurasa unaosema «ongezekeni» umechanwa kutoka mahali pake katika daftari na kubandikwa kwenye ukurasa unaonakiliwa kila saa.

Lakini MYC peke yake haitoshi. Seli inayosukumwa kugawanyika bila kipimo kwa kawaida hujiua yenyewe. Ni kinga ya asili ambayo hutuokoa mara nyingi bila ya sisi kujua. Ili saratani itokee, kinga hiyo nayo lazima inyamazishwe. Na hapa vijikaratasi vinaingia.

Mwaka 2005 ilionekana kwamba protini ya MYC huiamsha jeni moja iliyo katika kromosomu ya 13, nayo hutoa RNA ndogo sita kwa pamoja. Kundi hilo huitwa miR-17-92. Katika mwaka huohuo watafiti waliwapa panya, ambao tayari walikuwa na MYC iliyozidi, sehemu ya kundi hilo kwa wingi. Limfoma ziliwajia mapema zaidi. Ni matangazo gani yanayofunikwa na vijikaratasi hivyo? Mojawapo ni tangazo la PTEN. Lingine ni la BIM, protini ambayo huiamuru seli ijiue. Tazama basi jinsi mambo yanavyoungana: agizo la kukua limezidi, agizo hilo limetoa vijikaratasi, vijikaratasi vimemfunika mfunga lango, na mfereji wa PI3K unatiririka bila zamu. Mwaka 2012 ilioneshwa katika panya kwamba MYC ikiunganishwa na njia ya PI3K iliyo wazi daima, hutokea uvimbe unaofanana sana na ule aliouona Burkitt.

Je, tuseme basi RNA ndogo ni mbaya? Wanachuo wengi hukimbilia hapo. Rudini kwenye let-7 yenye herufi tulizozibandika ubaoni. Moja ya matangazo inayoyafunika ni la RAS, protini nyingine inayohimiza seli ikue. Katika saratani nyingi za mapafu let-7 imepungua, na RAS ikapaza sauti. Kwa hiyo kijikaratasi kimoja huleta madhara kikizidi na kingine huleta madhara kikipungua; kinachoamua ni tangazo lililo chini yake. Mwalimu akiulizwa kama RNA fulani ni nzuri au mbaya, naye aulize kwanza: inamnyamazisha nani?

Na virusi vya Epstein-Barr vinafanya nini humo ndani? Mwaka 2004 watafiti waliokuwa wakichunguza seli za uvimbe wa Burkitt maabarani walikuta RNA ndogo ambazo hazikutoka katika daftari la binadamu. Zilikuwa za virusi. Ndiyo mara ya kwanza duniani kujulikana kwamba virusi navyo huandika vijikaratasi vyao, na leo zaidi ya 40 vya Epstein-Barr vinajulikana. Baadhi yake hufunika matangazo ya binadamu yanayoiamuru seli ijiue. Ni ujanja mkubwa: kama virusi vingetoa protini, askari wa mwili wangeiona na kuishambulia, kipande kifupi cha RNA hupita kwa urahisi zaidi bila kutambuliwa. Virusi hivyo hutoa pia RNA nyingine mbili fupi, EBER-1 na EBER-2, kwa wingi mno ndani ya kila seli, na mafundi wa maabara huzitafuta hizo kwa rangi maalumu wanapotaka kuhakikisha kuwa virusi vimo katika kipande cha uvimbe.

Imebaki malaria, ambayo ndiyo iliyochora kingo za ramani ya Burkitt. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, hasa ile ya falsiparamu, huzilazimisha chembe zake za B kugawanyika na kutengeneza kingamwili bila kupumzika. Katika kutengeneza kingamwili chembe hizo hutumia kimeng'enya ambacho hukata jeni za kingamwili na kuzibadili, ili zipate kuutambua ugonjwa vizuri zaidi. Kila mkato ni nafasi ya kukosea, na kosa mojawapo ni lile la kromosomu ya 8 na ya 14. Seli iliyokosea hivyo ilipaswa kufa. Ikiwa ndani yake mna virusi vinavyonyamazisha kifo, yaweza kupona. Malaria na virusi hukutana katika seli moja ya mtoto mmoja kati ya maelfu mengi.

Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 jambo hili lilijaribiwa hapa nchini, katika eneo la Mara ya Kaskazini, kwa kuwapa watoto klorokwini ili kuizuia malaria na kuona kama uvimbe utapungua. Wagonjwa walipungua kwa muda, kisha wakaongezeka tena. Na tena upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kugawiwa, kwa hiyo jaribio halikutoa jibu la mkato. Tunalitaja kwa makusudi. Wanachuo hupenda majaribio ambayo hujibu ndiyo au hapana, na vitabu vya shule huwaonesha hayo tu.

Maneno ya darasani, na macho ya mwalimu

Kwa darasa la juu la shule ya msingi, maelezo yote haya yanaweza kufupishwa katika kipindi kimoja: seli ina maagizo, maagizo hunakiliwa, nakala huweza kufunikwa, kufunika kukikosewa, seli huongezeka bila zamu. Tusitumie mfano wa vita, wa adui aliyevamia mwili. Mfano huo humfanya mtoto amwogope mgonjwa, kwani adui huhama. Tuseme kuwa ni seli ya mtu mwenyewe iliyoacha kusikia maagizo. Tusiseme pia kwamba mgonjwa alifanya kosa fulani. Mtoto wa miaka sita mwenye uvimbe wa taya hakuvuta tumbaku wala hakula kitu kibaya, na mama yake hakurogwa na mtu yeyote wa ukoo.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, wavulana wengi kuliko wasichana. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dalili ya mapema, ambayo mzazi huweza kuipuuza kwa sababu ni umri wa kung'oka meno, ni meno ya nyuma kulegea, hasa magego ambayo wakati wake bado, pamoja na taya au ufizi kujaa. Wakati mwingine jicho husukumwa nje, au tumbo hujaa. Jino hung'olewa, uvimbe huendelea, familia hungoja. Katika ugonjwa unaokimbia namna hiyo, wiki tatu za kungoja ni nyingi mno.

Mwalimu si tabibu, na asimwambie mzazi kuwa mtoto ana saratani. Amwite mzazi au mlezi, amkaribishe kitini, amwamkie kama inavyostahili, kisha aseme alichokiona: Mama, shavu hili lilikuwa sawa Jumatatu iliyopita, leo limejaa, na magego mawili yanatikisika, tafadhali mpeleke hospitali kesho, wala si Jumamosi baada ya soko. Aandike tarehe katika daftari lake. Mtoto akirudi siku ya pili bila kwenda, amwite mzazi tena. Zahanati ya kijiji ni mlango wa kwanza, lakini uvimbe wa namna hii huhitaji hospitali inayoweza kukata kipande na kukichunguza, na matibabu ya saratani za watoto hupatikana katika hospitali kubwa kama KCMC, Bugando mjini Mwanza na Muhimbili Dar es Salaam.

Burkitt mwenyewe aliona miaka ya 1960 kwamba dawa ya saiklofosfamaidi huuyeyusha uvimbe huu kwa siku chache, na kwamba baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache tu. Sababu ni ileile inayoufanya uwe wa kutisha: dawa hizo huzikamata seli zilizo katika kugawanyika, na za uvimbe huu karibu zote zinagawanyika. Leo dawa kadhaa hutumiwa pamoja. Katika nchi tajiri watoto kama tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, na kati ya sababu kubwa ni kufika wakiwa wamechelewa na kuacha matibabu katikati, pale uvimbe unapoisha machoni na nauli inapoisha mfukoni.

Sababu hiyo ya mwisho inamrudisha mwalimu kazini. Mtoto aweza kuwa nje ya shule kwa miezi kadhaa. Jina lake lisikatwe katika mahudhurio, dawati lake lisigawiwe, na mzazi akipita shuleni aulizwe tarehe ya dozi ifuatayo. Wenzake waelezwe kabla hajarudi kwamba atakuja bila nywele kwa sababu dawa huzikamata seli zote zinazogawanyika upesi, na seli za nywele ni miongoni mwa hizo. Wataelewa, kama kipindi cha kadi kilifundishwa vizuri. Dawa zikiisha, nywele huota tena.